Hovabodi ya Harusi ya Chimène

Jumatatu, 4 Agosti

Imefika! Imekuja na lori la Bunia, ndani ya gunia la maharagwe, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Hovabodi. Nyeusi, magurudumu mawili, taa mbili za buluu mbele. Mtu anasimama juu, anainama kidogo, inakwenda. Hakuna pedali. Hakuna jasho. Hakuna Dady.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watauliza mambo yalianzaje. Jumamosi mdogo wangu Chimène anaolewa na Sylvain, kijana wa Yangambi anayefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Keki lazima iingie ukumbini kwa shangwe, na mtu wa kuiingiza hajachaguliwa bado. Tonton Lambert, mkubwa wa familia, atakata neno Ijumaa. Tuko wawili tunaogombea. Mimi, Osée, kaka wa bibi arusi, tumbo moja. Na Dady, mtoto wa shangazi, mwendesha toleka, yaani anabeba watu kwa baiskeli mji mzima. Anataka kuleta keki yetu juu ya kile kiti cha nyuma walichokalia abiria wote wa Kisangani!

Chimène hataki mashindano. Anataka keki ifike mezani ikiwa nzima, basi. Siku ya mahari, Maman Ursule, mama wa Sylvain, alisema mbele ya wote kwamba sisi watu wa maporomoko tunajua maji tu, tukiingia salle, ukumbini, ni aibu. Chimène alicheka pamoja naye. Kisha alilia jikoni. Nilimwona. Ndiyo sababu nataka keki iteleze ndani kama malaika. Kidogo pia ni kwa sababu ya Dady.

Jioni binamu Cyprien, mwenye hovabodi, alipiga simu kutoka Bunia. Nichaji kwa chaja yake tu. Taa ya chaja ikiwa nyekundu, ningoje. Ikiwa kijani, nichomoe. Hovabodi ikiwa ya moto, ipoe kwanza. Isiguse maji. Isikae juani. Isikae karibu na moto. Na nisiiache peke yake, hata kidogo. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Cyprien tangu utotoni ni mwoga.

Maman aliizunguka hovabodi muda mrefu. Alidhani ni mizani ya zahanati. Akapanda juu, akauliza inasoma kilo ngapi. Ilikuwa imezimwa, asante Mungu.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi ya kwanza: kuifundisha kusimama sawa. Cyprien alisema niiweke mahali pa usawa, nibonyeze kitufe mpaka taa zipepese, yenyewe itakumbuka kwamba hapo ndipo sawa. Bon. Niliiweka uani, nikabonyeza, taa zikapepesa. Kisha nikakumbuka kwamba ua wetu wote umeinama kuelekea mtoni.

Matokeo: hata nikisimama wima kama askari wa kambi ya Kapalata, inataka kwenda mbele. Na mbele, kwetu sisi, ni mto. Nilishuka kwa kuruka, tena na tena. Mara ya mwisho nilishukia kwenye beseni la Maman la pondu, majani ya muhogo. Aliniambia nitafute mke, niache kuchezea mizani. Ningeweza kubonyeza upya, mahali pengine. Lakini kitu ukishakifundisha, haifai kukichanganya kichwa.

Umeme mtaani hakuna tangu juzi. Nikaipeleka kwa Bibiche, mwenye jenereta na kibanda cha kuchaji simu. Simu za mtaa mzima zimelala mezani kwake kama dagaa. Bibiche akauliza hii ni simu ya nani, ya jitu? Akachomeka. Taa nyekundu. Nikakaa. Nikasinzia. Taa ikawa kijani, na papo hapo akachomoa. Nikamwomba airudishe kidogo. Kijani ni kushiba, nikamweleza, na mimi nataka ivimbiwe, maana Jumamosi iko mbali. Akasema: "Osée, kitu ikishashiba, imeshiba. Hii haiko tumbo yako siku ya matanga." Watu wote waliokuwa wanangoja simu zao walicheka. Nikaondoka kwa heshima.

Ilikuwa ya moto bado. Ningeiacha ipoe. Lakini Dady alikuwa anapita na abiria, mama mnene na ndizi zake, na alikuwa anahema. Nani angeweza kungoja? Nikapanda. Nikampita! Kwa mkono mmoja nilimpungia yule mama. Watoto walikimbia nyuma yangu wakipiga kelele, wauza chikwangue, ile mikate ya muhogo, walisimama. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mkubwa.

Mbele ya lango la parokia ikalia piiip. Ikazima. Nikabaki nimesimama juu ya kitu kilichokufa, mikono imenyooshwa pande mbili, nikisubiri.

Dady alimshusha mama wa ndizi, akarudi kunichukua. Nimerudi nyumbani kwa toleka. Mimi kwenye kiti cha nyuma, hovabodi mapajani. Alipiga kengele njia nzima bila sababu. Kila kona aliuliza kwa sauti kama mutoto amelala.

Jumatano, 6 Agosti

Imefufuka asubuhi, lakini imebakiwa na nguvu kidogo sana. Umeme hakuna. Bibiche amekwenda kutafuta petroli ya jenereta, na kwenye mlango wa kibanda ameandika anarudi. Hakuandika siku.

Nikakaa kwenye kizingiti na kufikiri. Na wazo likaja lenyewe! Papa, baba yetu, alipokuwa hai, betri za redio zikichoka alizipanga juu ya bati, juani. Jioni redio ilisoma habari mpaka mwisho, na mechi ya mpira juu yake. Hapa kwetu kila mtu anajua dawa hii. Kweli, Cyprien alisema isikae juani. Lakini Cyprien ana umeme. Mtu mwenye umeme hajui faida ya jua.

Nikapanda juu ya paa na hovabodi. Nikailaza chali ili jua liingie vizuri tumboni.

Dady alipita chini. Akauliza kama mizani imetangulia mbinguni kumpimia mwenyewe dhambi. Baiskeli yake ameivisha nguo nyeupe yenye maua ya kutoboa, inapepea. Niliitambua: ni pazia la sebule ya mama yake! Neno kama hilo hulitoi siku ya Jumatano. Unalitunza.

Kufikia saa sita bati lilikuwa linaweza kukaanga mayai. Nikaridhika. Nikalala kidogo.

Mvua iliniamsha. Mvua ya Kisangani haibishi hodi. Nilipofika juu ya paa hovabodi ilikuwa imeshaoga. Nikiitikisa, ndani inasema chwa, chwa. Mbona Cyprien hakuniambia kwamba haina kifuniko?

Chimène aliniona nikishuka nayo. Akaniomba, kwa sauti ya polepole, nimwachie Dady keki. Nikamwambia asihangaike, kila kitu kimepangwa. Alizidi kuhangaika. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Daftari linanuka moshi. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilijiuliza: kwetu, kitu kikiwa na maji ndani, tunafanya nini? Jua limenisaliti. Kinachobaki ni uchanja. Nyuma ya nyumba, juu ya fito, chini moto wa polepole, samaki wa harusi wanakaushwa. Ni samaki wakubwa wa mitego ya Tonton Lambert, vile vikapu virefu vyenye mdomo mpana vinavyoning'inia kwenye maji makali ya maporomoko. Ndio zawadi yetu kwa watu wa Yangambi. Tonton amesema wazi: keki ikianguka watacheka, wataisahau, samaki wakikosekana, Maman Ursule atakuwa na hadithi mpaka kaburini, na Chimène ndiye atakayeishi nayo.

Nilisikia. Nilielewa. Nikamwambia Maman akapumzike, mimi nitalinda moto. Aliguswa sana. Alinibariki, mkono kichwani.

Nikaiweka hovabodi mwisho kabisa wa uchanja, pale joto ni dogo, pembeni ya samaki wadogo ili isichukue nafasi ya wageni. Nikarudisha mabati ya kufunikia. Moshi ukatoka taratibu. Kitu kizuri. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, nikaenda mara moja kwa mama wa Dady kumwambia pazia lake liko wapi.

Niliporudi, Maman alikuwa anapiga kelele: "Nyoka! Nyoka iko ndani ya samaki!"

Haikuwa nyoka. Ilikuwa inasema fyuuuu. Tumbo lake lilikuwa limevimba, limepasua plastiki. Moshi mweupe, harufu ya kiatu kinachoungua. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa Cyprien, neno kwa neno.

Tonton Lambert alitoka mbio na ule mti mrefu wa kuinulia mitego. Akapiga bati likaruka. Akaingiza ncha ya mti chini ya hovabodi, akaivuta kama anavyovuta kikapu kilichonasa. Ikaanguka chini. Kwa magurudumu yake! Ikasimama kidogo, kama inafikiri. Kisha ikaanza kwenda. Peke yake! Ikapita katikati ya ua ikifuka moshi, ikampita Maman, ikapita kuku, ikampita Dady aliyekuwa anakuja mbio kuuliza nani amemsemea kwa mama yake. Dady akarukia juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Pale kwenye mawe ya chini ikasema pah! Moto ukatoka upande mmoja. Ikaingia mtoni, maji yakasema shwaaa, mto ukaibeba.

Wote tukatazama mto. Hata kuku.

Kisha kila mtu akakimbilia samaki. Wapo! Wakubwa wote wapo, upepo ulikuwa unapeleka ile harufu upande wa pili. Wale wadogo wa mwisho Maman aliwafukia shimoni, hakumpa hata paka. Nyumba ipo. Hakuna aliyeungua. Mimi nyusi moja tu, na si yote.

Nikakaa chini. Chimène akaja. Akatazama samaki, akatazama mto, akatazama nyusi yangu, akakaa kando yangu kwenye tope na kitenge chake kizuri. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na mimi pia, tukashikana mikono kama tulipokuwa wadogo. Akasema: "Yaya, kaka yangu, ulitaka kutumaliza na mizani!"

Wote wanasema ni mteremko ulioipeleka mtoni. Waseme. Mimi najua nani aliyeifundisha njia. Kama Jumanne ningeiweka mahali pa usawa kama Cyprien alivyotaka, leo ingesimama pale pale uani ikatuchoma. Nilimweleza Tonton jambo hili. Aliniomba niache kueleza.

Ijumaa, 8 Agosti

Alfajiri Tonton aliinua mtego wa chini, ule wa mwisho kabla ya jiwe kubwa. Ndani ya kikapu: hovabodi! Imekwama mdomoni, nyeusi, tumbo wazi, betri haipo. Wavuvi wote walikuja kuangalia. Mmoja aliniuliza nilitumia chambo gani. Mwingine akauliza kama mnyama huyu analiwa na fufu au na ndizi. Mpaka sasa hivi ninapoandika, bado wanapita mlangoni kuuliza.

Jioni kikao. Tonton Lambert alisema maneno machache: keki, Dady. Nikasimama. Nikasema mbele ya familia yote kwamba ile nguo nyeupe ya baiskeli ni pazia lililochukuliwa bila ruhusa. Siku mbili nimelitunza neno hili! Mama wa Dady akasimama pia. Akanishukuru kwa kumpa habari jana, maana bila mimi asingejua, na pazia lilikuwa na vumbi. Amelifua, amelipiga pasi, amelitoa kwa moyo mweupe. Watu wakapiga makofi.

Chimène aliniomba jambo moja. Kesho nikae kwenye kiti. Nimeahidi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nabeba keki.

Mambo yalikwenda hivi. Watu wa Yangambi walifika kwa baleinière, boti yao ndefu, wakiimba kutoka majini, Maman Ursule mbele kabisa na miwani ya jua. Misa nzuri. Ukumbi wa parokia umejaa. Mimi kwenye kiti, mikono magotini, tai imenyooka. Wimbo wa keki ukaanza. Mlango ukafunguka. Dady na toleka yake yenye pazia, keki ya ghorofa nne nyuma yake imefungwa kamba.

Dady ana kosa moja, na sikulisema mimi, lilijisemea lenyewe. Anajua kwenda mbio tu. Wimbo ule ni wa polepole, wa machozi. Baiskeli ikienda polepole inalewa. Na pale mlangoni kuna ngazi moja ya saruji. Gurudumu la mbele likapanda. La nyuma likakataa. Keki ikainama. Bado kidogo tu!

Nikamtazama Chimène. Alikuwa na ule uso wa jikoni, wa siku ya mahari. Maman Ursule alikuwa anavua miwani ili aone vizuri.

Nikavunja ahadi. Niliruka meza ya wakwe, sijui vipi, nikaikumbatia keki kutoka nyuma, kifua chote. Nikainua keki na gurudumu kwa pamoja. Dady alisema bila kugeuka: "Usiachie, ndugu yangu, usiachie!" Nikamwambia apige pedali, aache maombi. Tukaingia hivyo, yeye anayumba mbele, mimi nimeinama nyuma, hatua moja kulia, hatua moja kushoto, jinsi baiskeli ilivyotaka. Watu walidhani ni ngoma tuliyoifanyia mazoezi! Wakaanza kutuiga. Wajomba wa Yangambi walisimama kwenye mstari nyuma yangu, wameinama, kila mtu amekumbatia hewa.

Keki ilifika mezani. Nzima! Isipokuwa mahali ilipopita tai yangu.

Maman Ursule alikula samaki. Akachukua tena. Akamwita Tonton Lambert, akamwambia watu wa maporomoko wanajua maji, bon, lakini wanajua na moto. Tonton alikohoa. Hakunitazama. Nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Kisha Maman Ursule akamvuta Chimène, akamfuta krimu shavuni, akamwita binti yangu. Niliona mabega ya mdogo wangu yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Mimi pia nilihema vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Leo Dady anauambia mji mzima kwamba yeye ndiye aliyeingiza keki. Dady alishika usukani. Iandikwe hapa nani aliingiza keki.

Jumanne, 12 Agosti

Cyprien. Amepiga tangu Ijumaa, nami tangu Ijumaa simu yangu "haina chaji". Leo Maman alipokea yeye, akanibandika simu sikioni. Hakukuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia taratibu kwamba betri iliugua ghafla. Kwamba iliingia mtoni. Kwamba haikutoka.

Nikafumba macho.

Kisha akasema asante Yesu! Akaita mke wake aje asikie. Kumbe betri ilianza kuvimba kidogo tangu Pasaka. Mke wake alikataa kulala nayo nyumba moja, ikawa inalala kwa kuku. Alifikiri labda hewa ya Kisangani itaifaa. Na ile miiko yote, jua, maji, moto? Aliogopa, alisema, na hakutaka kunitia wasiwasi wakati wa harusi. Nilitaka kukasirika. Lakini nilikuwa nimefurahi mno. Tulicheka wote wawili mpaka salio lake likaisha.

Kabla ya hapo aliahidi kitu. Atanitumia betri mpya! Ya dukani, haijawahi kuvimba. Hovabodi yenyewe ipo juu ya bati, inakauka vizuri. Na Maman Ursule ametualika Yangambi Krismasi, tulete samaki. Naona tayari: mimi nateleza kutoka gatini mpaka mlangoni kwake, sinia kichwani. Dady atakuja kwa miguu, maana baleinière haipokei toleka.

Cyprien alirudia: isikae juani, isikae karibu na moto. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Lakini leo mchana Maman alipika liboke, samaki aliyefungwa ndani ya majani, nami nilimwangalia vizuri akifungua. Samaki alikuwa amekaa juu ya makaa yenyewe, majani ya nje yameungua meusi, na ndani yupo laini, salama, hana hata alama. Nikaelewa palipoharibika Alhamisi. Moto haukuwa na kosa. Ile betri niliiweka uchi.

Majani nimeshakata.